Uzi wa Moshi Mpaka Dar es Salaam

Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko jina langu ni hili: kutoka Moshi mpaka Dar es Salaam kwa ndege ni muda gani? Nimeulizwa kaunta, nimeulizwa sokoni nikiwa nimeshika kabichi, nimeulizwa kanisani padre akiwa bado anahubiri. Mwezi uliopita nilistaafu, na juzi jirani yangu hapa mtaa wa Soweto aliniuliza tena huku anaanika nguo. Ninyi mliobaki ofisini mtaulizwa pia, na nawajua, mtajibu haraka haraka kama nilivyokuwa nikijibu mimi. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Niliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru. Baba yangu alitoka Singida kuja kukata miwa kwenye mashamba ya sukari huko chini, kupita Mabogini, nami nilikulia na kusomea huko huko. Nikaolewa na fundi wa kiwandani, nikazaa watoto wawili, kisha nikasikia kwamba ofisi ya ndege mjini inatafuta karani mwenye mwandiko mzuri na anayeweza kuzungumza na watu bila kupayuka. La kwanza nililiweza. La pili nilijifunzia kazini.

Siku ya kwanza niliwekwa kwenye mizani. Wakati ule ndege zilikuwa ndogo, kwa hiyo tulipima mizigo na abiria wenyewe pia. Akaja bwana mmoja mnene, mkubwa wa idara fulani, amevaa suti, ana haraka. Nikamwomba apande, akapanda, nami nikausoma uzito wake kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio. Watu wote kwenye foleni wakageuka. Yule bwana akashuka kwenye mizani akiwa mwekundu kama tofali.

"Dada," aliniambia karani mkuu baadaye, taratibu, "uzito wa mtu huwa tunauandika. Hatuutangazi."

Huyo ndiye Mzee Honorati, mtu wa Kibosho, aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Zamani alikuwa karani wa ghala la kahawa, na mpaka alipostaafu aliinusa karatasi kwanza kabla ya kuisoma. Alivaa saa mbili. Mkono wa kulia ilikuwa saa ya marubani, iliyofuata majira ya Ulaya. Mkono wa kushoto ilikuwa saa ya kwetu. Ukimuuliza saa ngapi, alikuuliza kwanza unasafiri au unakwenda nyumbani.

Kiwanja chetu cha wakati huo kilikuwa pale pembeni ya mji, nyasi tupu. Ndege ikisikika, mlinzi alipanda baiskeli kwenda kuwafukuza mbuzi, na nyaraka zetu zilikaa kwenye sanduku la bati kwa sababu ya mvua. Ndege zilikuwa zile Dakota zenye mkia uliogusa chini, kiasi kwamba abiria alipoingia ilimbidi apande kilima humo humo ndani mpaka kwenye kiti chake. Mabibi wa mlimani walizoea upesi kuliko watu wa tambarare.

Sasa niwaambie habari ya uzi. Ukutani kwetu kulikuwa na ramani kubwa ya nchi, na Mzee Honorati alikuwa amechomeka pini palipo Moshi. Kwenye pini alifunga uzi mweusi wa cherehani, na kwenye uzi alipiga mafundo, kila fundo likiwa ni dakika kumi za mwendo wa Dakota. Mtu akiuliza Dar es Salaam, uzi unavutwa mpaka Dar, unahesabu mafundo, unamjibu. Akiuliza Nairobi, unauvuta upande wa pili. Hakukuwa na chombo kingine nilichokipenda kama kile. Abiria walisogea kutazama, na mtu aliyeingia ofisini akiogopa ndege alitoka amepata moyo, maana alikuwa ameiona safari yake nzima, na ilikuwa fupi kuliko mkono wake.

Kilipofunguliwa kiwanja kikubwa kule kati yetu na Arusha, zikaja na ndege mpya zenye kasi. Uzi mweusi ukawa hauna kazi. Mzee Honorati aliniachia mimi nitengeneze mpya, nami nikanunua uzi mwekundu kwa fundi cherehani wa sokoni, nikaisogeza na ile pini upande wa magharibi, palipo kiwanja kipya, kiasi cha upana wa vidole viwili, nikapiga mafundo kwa kufuata mwendo wa ndege mpya. Dar es Salaam ikawa mafundo saba, saa moja na dakika kumi. Nilijivuna nao uzi ule kuliko shela yangu ya harusi, na nilitembea na kibunda cha akiba kwenye mkoba.

"Vizuri," alisema Mzee Honorati alipoukagua. "Ila kumbuka, uzi haujui vituo. Na haujui barabara ya Kibosho siku ya mvua."

Niliitikia ndiyo mzee, huku mawazo yangu yakiwa kwenye mafundo.

Siku uzi uliponiponza ilikuwa Jumatano, saa saba mchana. Mzee Honorati alikuwa kiwanjani, mimi niko peke yangu ofisini. Akaingia mama mmoja wa makamo ya kuelekea uzeeni, kitenge kizuri, viatu amevishika mkononi, miguu ina udongo mwekundu wa mlimani. Mkono wa pili ana kibuyu kidogo kilichozibwa kwa jani la mgomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe dada wa ndege?"

"Ni mimi."

Akatoa simu ya maandishi, yaani telegramu, kutoka kifuani, imekunjwa mara nne. Alikuwa Mama Pelajia wa Kibosho, mjane. Mwanawe wa pekee wa kiume, Kristiani, alikuwa Dar es Salaam akisubiri kwenda kusomea uhandisi wa maji huko Praga, miaka mitano au zaidi. Walipanga kwamba angepanda kuja nyumbani kwanza kuaga. Simu ilisema safari imewahishwa ghafla: anaruka kesho, Alhamisi, saa nane mchana.

"Hawezi kuondoka hivi hivi," alisema. "Baba yake hayupo. Wa kumtemea baraka ni mimi. Akirudi akinikuta kaburini, nani atamtemea?" Akakigusa kibuyu. "Mbege hii ya ndizi nimeipika kwa ajili yake. Nataka nimfikie kabla hajapanda. Sitaki kingine, mama yangu. Nimfikie tu."

Basi la siku ile lilikuwa limeshaondoka asubuhi, na la kesho lingefika Dar jioni. Ilibaki ndege. Ukoo ulikuwa umeshachanga nauli asubuhi ile ile, ikiwa imefungwa kwenye kona ya kitenge. Nikamweleza kwamba kuna ndege mbili: moja leo saa kumi jioni, ina viti vitatu vitupu, nyingine kesho saa tano asubuhi.

Akafikiri. "Leo sijamwekea ng'ombe majani. Wala sijaaga. Ya kesho nitawahi?"

Nikauvuta uzi. Moja, mbili, mpaka saba. "Mama, ukipanda kesho saa tano, saa sita na dakika kumi umeshafika. Mtakaa pamoja zaidi ya saa nzima, mtakunywa na chai. Nenda nyumbani, umlishe ng'ombe, uvae vizuri, uje bila papara."

"Una hakika?"

"Tazama mwenyewe," nikamwonyesha. Akaufuata uzi kwa kidole chake kutoka pini hadi pini, akatabasamu, akaniambia aika, yaani asante kwa Kichagga, akaenda.

Ratiba ilikuwa kwenye droo, umbali wa kiwiko changu. Sikuifungua. Ningeifungua ningesoma kwamba ndege ya Jumatano jioni inakwenda moja kwa moja, lakini ya Alhamisi asubuhi inapitia Tanga na Unguja, inatua, inashusha, inapakia, na kufika Dar es Salaam saa nane kasoro robo. Mwaka mzima niliuza tiketi za ndege hiyo. Nilijua, kama mtu anavyojua jina la mjomba wake. Lakini uzi ulikuwa mkononi, na uzi ulikwenda moja kwa moja.

Alhamisi saa sita na nusu Mzee Honorati aliniletea karatasi ya redio: ndege yetu imeondoka Tanga. Niliisoma mara mbili. Nikafungua droo wakati droo haina tena msaada. Tulituma ujumbe Dar kuomba yule kijana aambiwe mama yake yuko njiani; tukajibiwa kwamba abiria wa Ulaya wameshaingizwa ndani.

Mama Pelajia alirudi Jumamosi kwa basi. Hakupitia nyumbani, alikuja ofisini moja kwa moja. Nilitaka apige kelele. Hakupiga.

"Ndege yetu ilifika Dar ikaanza kuzunguka juu," alisema. "Tunazunguka tu. Nikamuuliza yule binti mhudumu, mbona hatushuki? Akasema, tunasubiri ndege kubwa ya Ulaya iondoke kwanza. Nikachungulia dirishani, nikaiona inakimbia chini, ikaruka. Niliiona mgongo. Sikujua kwamba tunayemsubiri aondoke ni mwanangu."

Akakiweka kile kibuyu kaunta ili ajifunge kitenge vizuri, akakichukua tena, akaondoka. Mimi nilikwenda nyuma ya mizani nikalia mpaka abiria wakaanza kujipima wenyewe.

Mzee Honorati hakunigombeza. Angenigombeza ningepona haraka zaidi. Aliuliza jambo moja tu, kama niliitazama ratiba, nikasema sikuitazama. Akakaa, akatazama saa ya mkono wa kushoto.

"Kwenu Singida mtu akimkosea mwenzake anafanyaje?"

"Anaomba radhi."

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, mzee."

"Hapa mdomo hautoshi. Hapa tunapeleka isale."

Isale mmeliona, hata mnaotoka mikoani. Ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za ukoo. Mchagga aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale, na anayepelekewa, hata kama ana hasira za kuua, hawezi kulikataa. Lazima akae asikilize. Na mkosaji haendi peke yake, huenda na mtu mzima wa kumsemea. Mzee Honorati alijitolea kunisemea. Jumapili baada ya misa tukapanda Kibosho, mimi nateleza kwenye tope kila hatua ya tatu, yeye ananisubiri juu. Kwapani hakubeba jani. Alibeba shina zima na majani yake.

"Mbona kubwa hivyo, mzee?"

"Kosa ni la ndege. Jani moja lingekuwa dharau."

Mama Pelajia alitupokea uani. Mzee alisema kwa Kichagga, kirefu, na mimi nilisikia jina langu tu na neno Tanga. Kisha nikatoa lile shina kwa mikono miwili, nikapiga magoti kwenye majani makavu ya migomba. Nikasema Kiswahili changu: nilikosea, droo ilikuwa karibu, sikuifungua. Alilipokea. Alikaa nalo mapajani muda mrefu, akiyanyoosha majani kama mtu anayemtengeneza mtoto nywele.

"Haya, limekwisha," alisema. "Ila niambie neno moja, dada wa ndege, na safari hii usikosee. Mwanangu sasa yuko mbali kiasi gani?"

Nilimtazama Mzee Honorati. Yeye akatoa daftari lake la umbali, mimi nikatoa kibunda cha uzi mwekundu kwenye mkoba. Kwa kipimo cha ramani ya ofisini, Moshi mpaka Dar es Salaam ni sentimita arobaini na nne, hatua moja ya mama mwenye kitenge. Tukafunga uzi kwenye mwimo wa mlango wake, tukapima hiyo hatua ya Dar, kisha tukaendelea: juu ya Sudani, juu ya Misri, ng'ambo ya bahari, Mzee anasoma, mimi nanyoosha, Mama Pelajia anatufuata. Mita saba na kidogo. Uzi uliishia kati ya migomba miwili ya mshare.

"Ndiyo hapa?" aliuliza.

"Kwa kipimo cha ramani yetu, mama."

"Vituo umehesabu?"

"Nimehesabu vyote."

Akaenda kuchukua jembe. Akachimba pale uzi ulipoishia, akalipanda lile shina la isale. Mzee Honorati alitaka kumwambia kwamba isale hupandwa mpakani, si katikati ya shamba, nikamwona anafungua mdomo na kuufunga. Tulikunywa mbege, kata moja kila mtu, nikashuka mlima nikiwa mwepesi ingawa sikuwa nimesahau.

Tangu siku hiyo nilibadili namna ya kujibu lile swali. Mtu akiuliza Dar ni muda gani, nami namuuliza anatokea wapi. Kama ni Rau, pale pembeni ya mji, nampa muda mfupi. Kama ni Kibosho na mvua inanyesha, nampa mrefu. Basi la kwenda kiwanjani ni karibu saa nzima, kupima mizigo, kungoja, vituo vya siku hiyo kutoka kwenye ratiba na si kutoka kichwani mwangu, kisha kutoka kiwanja cha Dar mpaka mlango wa huyo anayemfuata. Nilimwandikia kila abiria nyuma ya fomu kuukuu: ondoka nyumbani saa fulani, gonga mlango saa fulani. Wenzangu walinicheka wakaniita karani wa migomba. Jina sikulichukia. Uzi niliuacha ukutani kwa sababu watu waliupenda, lakini kila nilipouvuta niliifungua droo kwanza.

Miaka ikaenda. Mzee Honorati alistaafu, akarudi kwenye kahawa yake na saa zake mbili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika letu la ndege pamoja nayo, na kuna wiki tulifungua ofisi kila asubuhi tukapangusa kaunta pasipo ndege hata moja ya kuipangusia. Baadaye mafuta yakawa adimu, ratiba ikawa kama sala, unaisoma ukitumaini. Mara moja moja nilipanda Kibosho. Mama Pelajia alikuwa na desturi yake: kila asubuhi, kabla ya kukamua, alitoka mlangoni akatembea mpaka kwenye isale, akasimama na rozari yake, akarudi. Uzi ulishaoza zamani. Majirani walidhani ni uzee. Mimi nilijua anakwenda wapi.

Siku moja akaingia ofisini, viatu mkononi kama kawaida. "Dada wa ndege, anakuja Jumamosi."

Nilifungua droo. Nilisoma ratiba mara mbili, nikapiga na redio. "Saa tisa alasiri, mama, hapa hapa kwenye kiwanja kikubwa."

"Asante," alisema, na akaja Ijumaa. Alilala kwangu, na kibuyu chake kipya.

Jumamosi ndege ilichelewa kwa saa tatu. Nilikimbia huku na huku kati ya redio na benchi kumwomba radhi, mpaka akanishika mkono akaniambia nikae. Ilipotua, jua lilikuwa limeshaegemea Meru. Akashuka mwanamume mwenye miwani na koti zito lisilofaa kwa nchi hii. Alipomwona mama yake aliinama, akainama zaidi, kwa sababu mama alikuwa amepungua kimo. Mama Pelajia akazibua kibuyu, akapiga funda moja, akampulizia kichwani na kifuani, puu, puu, mbele ya afisa forodha aliyekuwa na fomu mkononi. Miwani ilijaa matone. Kristiani hakuifuta.

Jumapili nilialikwa nyumbani kwao Kibosho. Mzee Honorati naye alikuja, akaketi kwenye kiti cha heshima akiinusa kahawa. Kristiani alizungukazunguka shambani akitazama kila kitu, kisha akauliza kilichokuwa lazima akiulize.

"Mama, hili isale linafanya nini katikati ya shamba? Hapa hakuna mpaka."

Isale lilikuwa limemzidi kimo. Mama Pelajia akasimama mlangoni.

"Hapo ndipo ulipokuwa," alisema. "Kila asubuhi nilikuja."

Kristiani alisimama pale kwenye isale akatazama mlango, na mlango haukuwa mbali. Kisha akatembea kuelekea kwa mama yake polepole, hatua moja moja. Alipofika, mama akanigeukia.

"Dada wa ndege, kutoka pale mpaka hapa, ni muda gani?"

Sikuwa na uzi, wala droo. Nilihesabu kichwani, kwa uangalifu, vituo vyote.

"Miaka sita na miezi minne, mama."

Akacheka mpaka akajishika kwenye mwimo wa mlango. "Leo hujakosea," alisema, akanimiminia kata ya mbege.